Asidi ya Aabo

Kwa miezi minane baba yangu hakugusa limau. Hapa Garissa supu ya mbuzi isiyo na limau huonekana kama imepikiwa mgonjwa, lakini yeye aliisukuma ile sahani ndogo ya vipande hadi ukingo wa mkeka, kwa kidole kimoja, akasema, "Ondoeni hii sumu." Pilipili aliiacha. Ukwaju aliuacha. Hata nyanya alizikagua kabla hajazitia mdomoni. Sisi tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na kicheko hicho bado kinanirudia nikiwa darasani, nikiwa nafua, nikiwa kwenye foleni ya benki. Angekula malimau yote ya soko la Garissa yasingemdhuru hata kidogo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya hapa mjini. Wanafunzi wangu wengi walikikuta Kiswahili shuleni, na wanakitumia kama kiatu cha kuazima. Wanaandika "kiti yangu" na "maji imemwagika", nami nikishika kalamu nyekundu damu inanichemka. Nina hasira za karibu, sikatai. Nimewahi kumrudishia msichana insha yake mara tatu kwa sababu ya neno moja, nikimwambia kwamba neno moja lisilo mahali pake linaweza kuharibu kazi nzima. Alilia. Sasa ni mimi ninayeikumbuka ile insha.

Nyumbani nilikuwa mkalimani wa kila mtu. Benki ni mimi, shule ni mimi, hospitali ni mimi. Mama yangu hana Kiswahili zaidi ya salamu na bei ya nyanya. Baba yangu alikuwa na kile cha sokoni. Alikuwa dalali katika soko la mifugo, akiwakutanisha wafugaji wa Ijara, Kotile na Hulugho na wanunuzi wanaotoka bara, na Kiswahili chake kilitosha kabisa kumsifia mtu fahali. Ila mambo ya mwili wake mwenyewe aliniachia mimi. Aliwaambia wenzake, "Binti yangu anakijua Kiswahili kuliko wenyewe," na mimi nilisikia, na nilipenda kusikia.

Ilianza na kidole gumba cha mguu wa kulia. Aliamka kwa sala ya alfajiri akakikuta kimevimba, kinang'aa, kina moto. Siku iliyotangulia alikuwa Kotile, akizunguka vichakani kutazama ng'ombe, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kufikiri: ni mathenge. Kila mtu wa huku anaujua mti huo. Mwiba wake unatoboa tairi la gari, sembuse kandambili ya mzee. Rafiki yake mkubwa wa sokoni, mzee mmoja mwenye ndevu za hina, alikuja na sindano, akaipitisha kwenye moto, akaanza kukichokonoa kidole akiutafuta mwiba. Alichokonoa hadi jasho likamtoka. Hakupata mwiba, alipata damu tu, na baba yangu, ambaye sijawahi kumwona akilia, akang'ata ncha ya shuka yake na kufumba macho.

"Umeingia ndani sana," mzee wa hina akatangaza, akaifuta sindano yake kwa heshima.

Siku ya tatu hata shuka nyepesi haikuweza kugusa mguu ule. Mama alisema nzi akitua mzee anaruka. Ndipo nikaomba ruhusa shuleni, nikampeleka hospitali, yeye akitembea kwa kisigino na kuniegemea, mtu mzito, mwenye tumbo lake la fahari, akisalimiana na kila tuliyempita kana kwamba hana shida yoyote.

Daktari alikuwa kijana wa bara. Kabla sijafungua mdomo, mzee akajieleza mwenyewe.

"Daktari, mimi nimechomwa na mwiba. Imefunjika ndani. Wewe toa tu, bole bole. Mimi nafumilia."

Daktari alikitazama kidole, akakigusa kidogo tu, akaona uso wa mgonjwa wake ulivyobadilika. Akauliza anakula nini. Hapo mzee akasahau maumivu. Alfajiri, maini na figo. Mchana, nyama. Safarini, nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa hadi ikakauka, ikahifadhiwa ndani ya samli. Na chai ya sukari kutwa nzima.

"Na mboga, mzee?"

"Mboga ni chakula ya mbuzi," akajibu. "Mbuzi ndio chakula yangu."

Daktari akacheka, na mimi nikacheka. Kisha akampima presha, akaacha kucheka, akampima mara ya pili kwenye mkono mwingine. Akatutuma maabara watoe damu. Tulikaa kwenye benchi kwa muda wa karibu saa mbili, mzee akitoa hukumu juu ya kila mbuzi aliyepita nje ya uzio, huyu ana minyoo, yule amekonda kwa sababu ya safari, na mimi nikisahihisha insha magotini.

Majibu yalipofika daktari alizungumza nami, si naye. Alizungumza haraka, kwa Kiswahili ambacho mzee hangeweza kukifuata.

"Mwalimu, hapa hakuna mwiba. Hili ni jongo. Asidi ya yuriki imezidi sana kwenye damu. Ni taka ambayo mwili huitengeneza unapovunjavunja chakula, hasa nyama nyekundu na vitu vya ndani kama hayo maini. Figo zinatakiwa ziitoe kwa mkojo. Ikizidi inaganda kwenye viungo, vipande vidogo sana, vyenye ncha. Ndivyo vinavyomchoma."

Nikaitikia. Nikakumbuka ile sindano na nikaona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Yeye akaendelea, na hapa akapunguza sauti.

"Kidole kitapoa. Mimi naogopa kitu kingine. Presha yake iko juu, ana uzito huu wa tumboni, na asidi hii nayo iko juu. Watu wa namna hii tunawaona wakirudi na moyo. Kama hiyo asidi ndiyo inayoudhuru moyo, au inaandamana tu na vinavyoudhuru, wataalamu bado wanabishana. Chukulia kuna mtu ambaye kila ukimwona yuko na wezi. Labda si mwizi. Lakini ukimwona mlangoni kwako, unafunga mlango."

Akaandika dawa za kidole, na nyingine za presha za kumezwa kila siku. Akaandika barua ya kumpeleka kwenye kipimo cha moyo, akaniwekea mkononi. Kisha akasema maneno ambayo hadi leo ninayajua kwa moyo, neno kwa neno:

"Mwambie hivi, na umwambie vizuri. Akisikia kifua kinambana au kinaungua, maumivu yakipanda kwenye taya au yakishuka mkononi, jasho likimtoka, asingoje. Aje hospitali saa hiyo hiyo."

Baba yangu alikuwa ametusubiri muda wote huo, mikono magotini. Akanigeukia.

"Aabo, amesema nini?"

Kwetu Wasomali baba humwita mtoto wake kwa jina lile lile ambalo mtoto humwitia yeye. Mimi namwita Aabo, na yeye ananiita Aabo. Mama yangu ni Hooyo, na mimi kwake ni Hooyo. Mgeni akitusikia hudhani tunarudishiana jina kwa mzaha.

Nina sababu za kile nilichofanya, na hakuna hata moja inayonisaidia. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeanza. Nilikuwa na madarasa mawili ya insha mkobani. Na asubuhi ile, mlangoni, mama alikuwa amenishika mkono akaninong'oneza, "Hooyo, kama ni kitu kibaya usimwambie yeye." Nyumbani kwetu mwenye maradhi ya moyo haambiwi. Anaambiwa kaka mkubwa, anaambiwa mjomba, na mgonjwa anaambiwa apumzike. Ukimwambia mtu moyo, ataanza kuita watu awape wasia, na watu wataanza kumtazama kwa jicho la kuaga. Nilijiambia nitampigia kaka yangu Nairobi, yeye ndiye atakayejua namna ya kulisema.

Kwa hiyo nikamwambia kwa Kisomali, "Si mwiba, Aabo. Asidi imepanda. Punguza nyama kidogo, na umeze dawa."

Neno asidi nililiacha kama lilivyo. Halikunijia neno la Kisomali, na sikulitafuta, maana kila mtu Garissa anajua asidi ni nini. Hapo ndipo balaa lilipoingilia. Kila mtu anajua. Asidi ni ule moto wa tumbo unaopanda kifuani ukishiba vibaya. Kisomali tunauita laabjeex, na katika Kiswahili sanifu, ninachowafundisha watoto wa watu, ni kiungulia. Watu husema "leo nina asidi," wanajishika kifua, wanatafuna tembe nyeupe yenye ladha ya mnanaa, wanaendelea na shughuli zao. Hakuna aliyewahi kuiogopa.

Uso wa mzee ukafunguka. "Asidi tu?"

"Asidi tu," nikasema.

Mwanafunzi angeniandikia "tu" mahali kama pale ningeizungushia duara jekundu. Tukatoka. Barua nikaitia mkobani, katikati ya insha, na mzee akampa daktari mkono na kumwombea dua ndefu.

Kidole kilipoa ndani ya wiki moja, na kidole kilipopoa, ugonjwa ukawa umekwisha. Dawa zilipomalizika alikwenda mwenyewe duka la dawa akaomba dawa ya asidi, na muuzaji, bila kosa lolote, akampa dawa ya asidi: zile tembe za kutafuna. Akazizoea. Zilikaa kwenye mfuko wa shati, juu ya kifua, zikilia kila akiinama kusujudu. Mimi niliziona. Nilidhani ni za tumbo lake, jambo jingine kabisa, wala sikuuliza zile za presha ziko wapi.

Nyama aliipunguza kwa siku kama kumi. Kisha akaanza kuchunguza mambo kwa akili yake, ile ile iliyomwezesha kumtazama ng'ombe mara moja na kujua ana maradhi gani. Alikula nyama akangoja, hakuungua. Alikula maini akangoja, hakuungua. Alikamulia limau kwenye supu, akaungua. Basi adui alikuwa amejulikana. Nyirinyiri ikarudi, maini yakarudi, na limau likafukuzwa nyumbani. Asubuhi na jioni alikunywa kikombe kikubwa cha maziwa ya ngamia, yaliyopoa, "kuuzima moto." Sijawahi kumwona mgonjwa mtiifu kama yeye. Angekuwa mkaidi huenda angekuwa hai, maana angeyakataa niliyomwambia akaenda kuuliza kwingine.

Pale sokoni akawa mtaalamu. Wazee walimjia na vifua vyao na matumbo yao, naye akawaeleza asidi inapoanzia na inapoishia. "Binti yangu ndiye aliyenieleza," aliwaambia. "Mwalimu."

Halafu akaanza kusimama njiani. Kutoka sokoni hadi nyumbani si mbali, na njia ile ameitembea tangu mimi sijazaliwa, lakini sasa alikuwa akifika kwenye uzio wa mathenge karibu na kwetu anasimama, anaweka kiganja kifuani, anatafuna tembe, anacheua, anaendelea. Jirani mmoja aliniambia amemwona ameshika mti. Nikamuuliza.

"Asidi," akasema.

"Pole, Aabo. Ulikula nini?"

Siku moja nilimkuta mwenyewe. Nilikuwa natoka shuleni, naye amesimama palepale kwenye uzio, uso umelowa jasho, shati limemganda mgongoni. Garissa kila mtu hutoka jasho, nikajiambia. Lakini mimi nilikuwa nimetembea njia ile ile, kwenye jua lile lile, na nilikuwa mkavu. Kwa muda mfupi sauti ya yule daktari ilinijia kabisa, jasho likimtoka, asingoje. Halafu mzee akacheua, akatabasamu, akasema, "Imeshuka, alhamdulillahi," na ile sauti ikaondoka. Nilichukua mfuko wake wa nyama, tukaenda nyumbani tukiwasema wanunuzi wa bara.

Barua nilikutana nayo mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta kalamu, nikasema shule zikifungwa. Shule zikafungwa. Mara ya pili nilikuwa natafuta funguo, na ilikuwa imeanza kuchakaa kwenye mikunjo. Kaka yangu nilimpigia mara moja tu, akawa kwenye mkutano. Nikairudisha mahali pake.

Siku yenyewe alikuwa anarudi kutoka Hulugho na lori la ng'ombe. Walikuwa wamelala Ijara, na asubuhi walisimama Kotile kunywa chai. Mimi nilikuwa kwenye chumba cha walimu, wakati wa mapumziko ya saa nne, nina kikombe mkononi. Simu ikalia.

"Aabo," akasema.

"Aabo, uko wapi?"

"Kotile. Asidi imenishika vibaya leo. Inapanda mpaka kwenye taya. Na tembe zimeniishia."

"Ulikula nini?"

Nilimuuliza hivyo, kwa ukali kidogo, kama ninavyomuuliza mwanafunzi aliyechelewa.

"Nyirinyiri na chai. Wallahi sijagusa limau."

Nikacheka. Mwalimu aliyekaa mbele yangu akaniuliza kwa macho kuna nini, nikamwashiria kwamba ni baba yangu tu na vituko vyake.

"Tafuta maziwa, Aabo. Unywe, ulale kivulini kidogo. Itashuka."

"Haya," akasema. Pumzi yake ilikuwa fupi. Niliisikia, na nikadhani ni mtandao wa huko. "Wewe ndiye unayejua."

Kengele ikalia nikaingia darasani. Ningependa kusema nilifundisha maneno yenye maana zaidi ya moja, maana ndivyo ambavyo hadithi ingetaka. Nadhani ilikuwa barua rasmi. Nilimkaripia mtu kwa sababu ya anwani.

Simu ya pili ilikuwa ya dereva wa lori, karibu saa sita. Alianza na salamu, akaziongeza, akataja Mungu mara nyingi, na mimi nikaelewa kabla hajafika. Mzee alikunywa maziwa yote. Akalala juu ya mkeka kando ya duka. Akayatapika, akasema mkono wake ni mzito, kisha akanyamaza. Walimpakia kwenye gari dogo la mtu aliyekuwa akipita, lakini alikata roho kabla hawajafika hospitali yoyote.

"Mwalimu, mimi nilitaka tukimbie hosbitali mabema," dereva akasema, na alikuwa analia. "Mara tatu nimemwambia. Mzee amekataa. Amesema, hapana, mwalimu amesema maziwa."

Walimleta Garissa, na yule daktari kijana ndiye aliyekuwa kazini. Alimkumbuka, ni mgonjwa wa mbuzi na mboga. Mimi ndiye niliyefungua mkoba nikampa ile barua, sijui kwa nini, labda nilitaka mtu anifokee. Akaufungua mwandiko wake mwenyewe, akausoma hadi mwisho, akaukunja kufuata mikunjo ile ile, akanirudishia. Tulimzika mzee kabla ya magharibi.

Kwa siku tatu watu walikuja kutupa pole. Wanawake tulikaa ndani na mama, na wanaume walikaa uani chini ya turubai. Kila aliyeingia aliuliza ni nini kilichomchukua, na kila mara mtu alijibu, asidi. Neno lilipita kutoka mkeka hadi mkeka. Asidi ilimzidia njiani. Asidi imekuwa mbaya siku hizi. Mimi nilimimina chai. Hakuna aliyeniuliza, na mama alikuwa akinitazama kila nilipovuta pumzi kama mtu anayetaka kusema.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, nilibeba chupa ya chai hadi kwenye pazia la mlangoni, ambapo wanaume huipokea. Nikaisikia sauti ya mzee wa hina.

"Na alikuwa mwangalifu, jamani! Hakuna aliyeichunga asidi kama yeye. Mimi mwenyewe kidole changu kimevimba mwezi uliopita, wamenipima damu, wamesema asidi ni hiyo hiyo. Marehemu, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifundisha. Limau nimeacha. Pilipili nimeacha. Maziwa asubuhi na jioni, na kifua kikiwaka, tembe." Nikasikia kitu kikitikiswa ndani ya pakiti. "Tangu jana kinaniwaka. Ni majonzi haya."

Nilichungulia. Alikuwa ameketi karibu na nguzo, sinia la maini mbele yake, bilauri ya maziwa mkononi. Kiganja cha mkono wa pili kilikuwa juu ya kifua, palepale ambapo Aabo alikuwa akiweka chake.

Nyuma yangu mama akasema polepole, "Hooyo, rudi."

Alijua. Sidhani niliwahi kumwambia, ila alijua. Nami nilijua kitakachofuata nikitoka pale. Turubai lote litasikia, na kufikia jioni soko lote litakuwa na habari kwamba mzee aliuawa na ulimi wa binti yake, yule aliyekuwa fahari yake. Niliogopa. Sitaki kujipamba: nilisimama pale na ile chupa kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, huku mzee wa watu akiendelea kunywa maziwa.

Kisha nikaiweka chini, nikapita pazia. Wanaume wakanigeukia mmoja baada ya mwingine.

"Adeer," nikamwita, kama mtu anavyomwita ndugu wa baba yake. Na nikasema yote, kwa Kisomali, polepole. Ilinishangaza jinsi nilivyoyakumbuka. Nilimwambia kwamba hiyo asidi si ya tumbo na limau halihusiki nayo. Kwamba inatokana na nyama na haya maini, inakaa kwenye damu, inaganda kwenye kidole. Kwamba inaonekana mara nyingi kwa watu ambao baadaye moyo huwakamata, na wenye elimu hawajakubaliana ni kwa nini, lakini ukiwa nayo pamoja na presha moyo wako upimwe. Nilitaja neno moyo mbele ya watu wote, kwa sauti. Na nilimwambia kwamba kifua kikiwaka hadi taya, asitafute maziwa, asitafute tembe, wala asimpigie binti yake simu. Aende hospitali. Aende sasa, gari liko nje, kaka yangu atampeleka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Bilauri aliiweka juu ya mkeka kwa uangalifu, kana kwamba imejaa kitu kingine. Kaka yangu alikuwa tayari amesimama na funguo mkononi. Mzee akashika nguzo, akainuka, na akiwa bado ameishika akanitazama.

"Adeer," akaniuliza, "haya yote umeyajua lini?"

Ningeweza kusema juzi. Ningeweza kusema daktari alinieleza baada ya mazishi, na hakuna ambaye angekuwa na shaka nami.

"Siku ile ile ya kwanza, adeer," nikamwambia. "Daktari aliniambia yote. Aabo alikuwa ameketi kando yangu, ananitazama mdomo, anangoja nimwambie."